Moyo Wenda Mbio Usiku, Kipimo Kiko Mbali

Usiku wa manane moyo huanza kunipiga kama ngoma, nami hukaa kitako kungoja alfajiri. Hapa Rapsu, kando ya Mbuga ya Meru, alfajiri haina jibu. Zahanati ninayokwenda hunipima presha, basi. Nikifika hospitali kubwa mjini, kipimo cha ECG huandika mapigo ya sekunde 10 hivi, na moyo ushatulia zamani. "Huna kitu," naambiwa. Narudi na hofu, na hofu yenyewe huutia moyo mbio.

Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Wanasiasa wabishania makato. Mimi nauliza: kipimo kitanikuta wapi moyo unapokwenda mbio? Viko vya kuvaa kifuani saa 24, vikaandika kila pigo. Hata kabla ya hapo, damu ipimwe: upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo huleta mbio hizi, kama ifanyavyo miraa (mimi sili, msiniulize).

Wiki ijayo narudi mjini. Safari hii nitaomba hicho cha saa 24.