Ofisi za mpakani zisiwe giza saa sita mchana

Umeme ukikatika mpakani, mfanyabiashara huhesabu hasara kwa saa. Nyanya zinaanza kulainika ndani ya fuso, dereva anadai posho ya siku ya pili, na wakala wa forodha anasoma karatasi kwa tochi ya simu. Nje jua linawaka hadi macho yanauma. Ndani ni giza.

Lawama zote hutupiwa shirika la umeme. Sisi tunasema sehemu yake ni ya aliyechora jengo.

Vituo vya Huduma kwa Pamoja Mipakani, kama kile cha Namanga kilichozinduliwa Desemba 2018, vimetuondolea adha ya kusimama pande mbili. Tumevishangilia, na tutaendelea kuvishangilia. Lakini vingine vitajengwa, pamoja na ofisi za mawakala na maghala kando yake, na huko ndiko tunakotaka wakubwa watusikilize.

Nchi zetu ziko jirani na ikweta. Mchana jua hupita karibu na utosi, kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini au kusini hukingwa na upenu wa kiasi tu, na mwanga ukabaki. Upande wa mashariki na magharibi jua huja chini na kumpiga karani usoni. Basi jengo lilale kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, tena liwe jembamba, maana mwanga wa dirisha hauendi mbali: ni kama mara mbili ya kimo chake. Likiwa nene, liachiwe uwazi katikati. Wazee waliojenga nyumba zenye ua wa ndani hawakuhitaji kufundishwa haya.

Mfano tunao. Jengo la Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wapatao 1,200 lina uwazi huo katikati, paneli za umeme wa jua juu ya paa, na taa zinazojizima mwanga ukitosha. Linganisha na minara ya vioo vitupu inayoota katika miji yetu: jua linaingia, mapazia yanashushwa, taa zinawashwa, viyoyozi vinanguruma. Bili hiyo humrudia mpangaji katika kodi ya pango, naye huiweka kwenye bei ya huduma anayokutoza.

Tutaambiwa mfumo wa forodha hauendeshwi kwa mwanga wa dirishani. Ni kweli. Ila kompyuta na printa chache hazili umeme mwingi. Walaji wakubwa ni viyoyozi, na taa zinazowaka kutwa huongeza mzigo. Wakipunguzwa hao, betri na paneli za wastani zitaibeba kompyuta hadi umeme urudi, na foleni itaendelea kusogea.

Wizara, mamlaka za mapato na wafadhili waliandike sharti hili kwenye zabuni, kabla ya msingi kumwagwa. Jengo likishasimama haligeuzwi. Nao viongozi wa vyama vya wafanyabiashara, mkiitwa kuonyeshwa michoro, msiishie kuuliza maegesho ya malori. Ulizeni kama karani wa dirisha la mwisho, umeme ukiwa umekatika saa sita mchana, ataweza kusoma namba ya kontena lako.