Ukiwa na mkwe garini, usiku wa kwanza unalala wapi?

WATU wakipanga safari ya gari ya mbali huongea habari za mafuta, matairi, na nani atashika usukani baada ya nani. La kulala halina mwenyewe. "Tutajua huko huko mbele." Haya, mbele hiyo ni wapi? Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na katikati gesti zimeota kama uyoga. Ila ukiwa umechoka, na umebeba watu wa heshima, si kila kibao cha gesti kinakufaa, nakwambia.

Wazee wa misafara walikuwa na akili ya usiku wa kwanza. Waliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji hawakukimbia siku ya kwanza. Walitembea kidogo tu wakapiga kambi, ili aliyesahau kitu arudi kukifuata na mpagazi aliyebambikiwa mzigo mzito alalamike mapema. Stanley, yule aliyekwenda kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo Machi 1871 na kambi yake ya kwanza ikawa Shamba Gonera, jirani kabisa na mji. Sisi wa leo siku ya kwanza ndiyo tunataka kuimaliza nchi.

Halafu wapo waliosafiri miaka ya 90. Hao barabara ya Singida ilikuwa vumbi na mashimo kiangazi, masika ni matope, kwa hiyo mabasi mengi ya Dar kwenda Mwanza yalizunguka Arusha, yakapita Nairobi, yakaingia tena nyumbani kwa Sirari. Yaani Mtanzania anatoka Tanzania kwenda Tanzania anagongewa mhuri na Mkenya! Miaka hiyo hiyo mabasi ya abiria yakapigwa marufuku kutembea usiku kwa ajili ya ajali, basi abiria hakuwa na la kuchagua, basi likipaki stendi ya mji fulani, hapo ndipo kwako mpaka alfajiri. Marufuku ile iliondolewa mwaka 2023, lami nayo ilishafika kitambo, na sasa kuchagua ni juu yako mwenyewe. Hapo ndipo kasheshe ilipo.

Nina ushahidi. Mwaka jana mwezi wa Julai kaka yangu alitakiwa kumrudisha mama mkwe wake nyumbani Misungwi. Mama alikuwa amekaa Dar karibu miezi miwili kwa matibabu, kapasuliwa tumbo, kidonda kimefunga, daktari karuhusu asafiri ila asibanwe sana na kukaa. Habari ya basi hakutaka kuisikia, ndege ndiyo kabisa. Kaka ana Noah yake, akaomba ruhusa kazini siku nne. Wifi hawezi kutoka, ana kichanga. Sasa mtu na mama mkwe wake watakaaje garini wawili tu, mchana kutwa na usiku juu yake? Mama mwenyewe ni Msukuma wa zamani, akipishana na mkwewe mlangoni anageuza uso, na meza moja hawali. Ndipo nikatafutwa mimi. Niliambiwa kazi yangu ni kukaa nyuma na mama. Kumbe kazi yangu ni kuwa ukuta.

Tulitoka Mbezi saa kumi alfajiri. Mpango wa kaka ulikuwa tulale Nzega. Kwenye ramani ni mpango mzuri tu, maana siku ya pili inabaki fupi. Lakini ramani haina trafiki mwenye tochi, wala haina vibao vya kilomita 50 kwa saa kila penye kijiji, na kutoka Morogoro kwenda mbele vijiji vimeshikana mikono. Ukimaliza Gairo unadhani umepata nafasi ya kukanyaga mafuta, mara kibao kingine. Dodoma tuliingia saa sita na nusu. Tukasimama hoteli moja ya barabarani, kaka akaagiza wali, mimi wali, mama akasema hana njaa, akabaki garini na chupa ya maji. Nikampelekea ndizi mbivu. Akazishika mkononi mpaka Manyoni.

Baada ya Dodoma ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Alikuwa amekunja kanga mara nne, kaiweka kati ya tumbo na mkanda wa gari, na kila tuta likija anashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Matuta ya barabara ile hayahesabiki. Nikamwinamia sikioni, "Mama, linauma?"

"Linauma, mwanangu. Lakini usimwambie baba."

Baba ndiyo kaka yangu. Hapo nikaelewa. Mwanamke wa heshima zake atamwambiaje mkwewe habari za tumbo lake? Akimwambia linauma, ataulizwa wapi. Na kusema "nataka kwenda msalani" ndiyo haiwezekani kabisa. Kwa hiyo mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote garini ndiye aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kusimama. Nikaanza kuomba mimi. "Kaka, simama nijisaidie." Tukifika Manyoni nilikuwa nimejisaidia mara tatu, na kaka ananitazama kwenye kioo, "Wewe leo umekunywa bahari?" Nikanyamaza. Mama naye akacheka, mara ya kwanza tangu Mbezi.

Singida mjini tuliingia saa kumi na moja kasoro. Mji mzuri ule, una mawe makubwa kama nyumba, una maziwa mawili, Singidani na Kindai, na una upepo wa kukuvua kofia. Nikasema tulale hapa. Kaka hakupenda, lakini akakata kona, akasimama kwenye gesti moja ambayo jina lake naliweka kapuni. Tukaingia watatu. Dada wa mapokezi alikuwa anachezea simu, akainua macho, akamwona kaka, akaniona mimi niliyesimama karibu naye, mama aliyekuwa nyuma yetu nadhani hakumwona. Akauliza bila hata salamu:

"Ya kulala au ya kupumzika?"

Msomaji, wewe unajua na mimi najua "kupumzika" kwenye gesti maana yake nini, tena bei yake ni nusu. Na mama mkwe naye alijua, maana hajazaliwa jana. Kaka alibadilika rangi. Alipomaliza kusema "huyu ni mdogo wangu" mama alikuwa ameshageuka, kafunika kichwa kwa kanga, anarudi kwenye gari. Nilipomfuata akaniambia maneno mawili tu, "Hapa hapana."

Siwasemi watu wa Singida. Hoteli za heshima ziko tele pale, nyingine unakunywa chai unatazama ziwa. Lakini mzee akishapata fedheha katika mji, mji mzima kwake umefungwa. Kaka akaidaka nafasi. "Basi si tuende Nzega? Saa mbili na nusu tu."

Nzega kutoka Singida ni karibu kilomita 220. Saa mbili na nusu hizo labda kwa helikopta. Na katikati kuna Sekenke. Asiyeujua, huo ni mteremko unaokutoa kwenye nyanda za juu za Iramba na kukumwaga chini Shelui, kwenye mbuga ya Wembere, kona juu ya kona, na malori yanayotoka na yanayokwenda Rwanda, Burundi na Congo yanabanana humo humo. Magari yameanguka pale mara nyingi. Ukitoka Singida saa kumi na moja na nusu, Sekenke unaikuta gizani, na dereva yuko kwenye usukani tangu saa kumi alfajiri. Nikamwambia kaka hivyo, kwa adabu. Akasema mimi sina leseni. Nikamwambia leseni sina lakini uhai ninao.

Ndipo ikaja hoja ya Misigiri.

Misigiri ni njia panda, kama saa moja kutoka Singida mjini. Ukikata kulia unakwenda Kiomboi, makao makuu ya wilaya ya Iramba, ukinyoosha unaelekea Sekenke. Hakuna atakayekusimulia Misigiri katika mambo ya utalii. Ni maduka, mama lishe, madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya barabara, na malori yamepaki. Haya malori ndiyo yaliyonipa moyo. Mtu anayeipita njia hiyo mwaka mzima akiamua kulala mahali, ana sababu. Jioni ile nilimuuliza dereva mmoja kwa mama lishe kwa nini asiteremke mlima kwanza akalale Shelui. Akanijibu huku anamenya yai, "Breki zikichemka usiku, dada, utakimbilia wapi usikokuona?" Kaka alikuwa pembeni. Hakusema kitu, akaagiza chai nyingine.

Gesti tuliyoipata ilikuwa ya uani, vyumba vimezunguka, geti la bati, gari linaingia ndani. Mwenyewe ni mama wa makamo. Akatoa kitabu cha wageni, kile cha jina, kabila, utokako, uendako na kazi. Kabla hajaandika akatutazama, kwanza kaka, kisha mimi, kisha mama aliyekuwa ameegemea ukuta mkono uko tumboni. Akauliza, "Mgonjwa ni mama?" Nikaitikia. "Na huyu kijana ni mwanao, au mkwe?" Nikamwambia mkwe. Basi, hakuuliza tena. Mama na mimi akatupa chumba cha mwisho, vitanda viwili, jirani na choo, mlango hauna hata ngazi moja ya kupanda. Kaka akampeleka upande wa pili wa uwanja, karibu na geti, alale na gari lake. Yaani mpangilio uliotushinda tangu Mbezi, yeye kaumaliza kwa kutazama mara moja. Elfu 15 kila chumba, na ndoo ya maji ya moto haikuwa na bei.

Kisha akaleta kuku. Kuku wa Singida sina haja ya kumpigia debe, anajulikana mpaka Kariakoo. Kaka akala kwake, sisi tukala kwetu, mlango umefungwa. Na mama akala! Alikula paja, akala ugali, akanywa mchuzi, halafu akazitoa zile ndizi za Dodoma kwenye mkoba akazimaliza nazo. Kumbe njaa alikuwa nayo tangu alfajiri. Angekulaje hotelini mkwewe kaketi mbele yake? Hata garini, gari ni la nani? Nilipotoka kurudisha vyombo kaka akaniuliza mama anaendeleaje. Nikamwambia kala. "Kwani mchana hakula?" Nikamweleza, na lile la msalani nikamweleza, kwamba aliyekunywa bahari sikuwa mimi. Akakaa kwenye ngazi ya chumba chake akashika kichwa.

Isidhaniwe nauza gesti ya Misigiri. Bomba lilikuwa halitoi maji, blanketi lilikuwa jembamba na Julai huko juu baridi inauma, na saa kumi alfajiri malori yalianza kunguruma mpaka dirisha likawa linatetemeka. Ukitaka kulala kwa raha, uliza kwanza spika za baa zimeelekea wapi, kagua komeo la ndani na chandarua kabla hujashusha hata begi, na fika jua lingalipo, maana gizani kila shuka ni safi. Lakini ukiwa na mgonjwa au mkwe, tanguliza macho kwa mtu wa mapokezi. Usianze na kitanda.

Asubuhi kaka hakupiga honi ya kutuharakisha. Alikuja mlangoni, akasimama mbali, akaniambia kwa sauti ya kusikika ndani kwamba leo tutakuwa tunasimama kila baada ya saa moja, "gari linahitaji kupoa." Mama akaniminya mkono.

Sekenke tuliishuka saa moja na nusu, mwanga mweupe, taratibu nyuma ya lori la saruji, na Wembere yote imetandazwa chini kama mkeka. Nikamsimulia mama habari za mgodi wa Sekenke, kwamba Wajerumani walichimba dhahabu huko, na mwaka 1916, vita imewabana na fedha hazifiki kutoka kwao, wakaitumia kufua sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli pale Tabora, zina picha ya tembo. Mama akatazama nje kitambo. "Na sisi wakatuachia nini?" Nikamwambia mashimo. Kaka akacheka mbele kule, kisha akakumbuka mama yupo, akakohoa.

Misungwi tulifika saa tisa alasiri, tumesimama mara saba.

Wakati wa kurudi tulikuwa wawili tu, na usiku wa kwanza tulilala Singida mjini, hoteli ya kutazama ziwa, nikaoga maji ya bomba mpaka nikaona haya. Pale mapokezi hawakuuliza lolote. Kaka ndiye aliyewahi, hata salamu hajaitikiwa: "Vyumba viwili. Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja."