Mtoto akiuliza kuhusu watoto wa Kua

Mtoto wa darasa la nne wa Kanga, kaskazini mwa Mafia, amerudi kutoka ziara ya shule kisiwani Juani. Usiku hataki taa izimwe.

“Mama, ni kweli watoto walilazwa chini ya jahazi?”

“Lala, mwanangu. Hayo ya zamani.”

Mtoto halali.

Alichokiona mchana ni Kua, mji wa mawe wa Waswahili wa kale. Misikiti yake haina paa tena, ila mahali pa kutawadhia bado panaonekana. Kuna kuta za jumba la watawala, na makaburi. Hadi leo wapo wanaoacha sadaka ndogo kwenye magofu hayo kwa ajili ya wazee waliotangulia.

Alichokisikia ni masimulizi. Inasemwa kwamba watu wa Kisimani, mji mwingine wa kale magharibi mwa Mafia, walipokuwa wakishua jahazi jipya waliwaalika watoto wa Kua. Wakawafunga na kuwalaza mchangani badala ya magogo, jahazi likapita juu yao. Watu wa Kua walinyamaza miaka saba. Kisha wakawaalika wa Kisimani arusini, wakawaingiza kwenye chumba cha chini ya ardhi na kuuziba mlango kwa mawe.

Historia ina maelezo mengine. Kua iliangushwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava kutoka Madagaska, waliovamia kwa mitumbwi, wakaua watu na kuteka wengine. Mji haukuinuka tena. Kisimani nayo sehemu kubwa imeliwa na bahari.

Mzazi afanye nini? Kumwambia mtoto “lala” hakuondoi picha iliyomo kichwani mwake. Muulize kwanza anaona nini akifumba macho, na usimcheke. Kisha mtenganishie mambo mawili: hili linasimuliwa, hili linajulikana. Mtoto wa miaka kumi anaelewa tofauti hiyo, na humtuliza kuliko kuambiwa kwamba bibi amesema uongo. Bibi hakusema uongo, alisimulia alichosimuliwa.

Akiuliza wale watoto walikosa nini, mjibu wazi: hawakukosa chochote. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa. Pengine ndiyo sababu wazee wa Mafia hawajaiacha hadithi hiyo ipotee. Isimulie mchana, si wakati wa kulala.

Na mkienda Kua pamoja, panga safari kwa maji kujaa, maana maji yakitoka mashua haifiki. Mvalishe viatu, mshike mkono karibu na kuta, asipande juu yake. Sadaka akizikuta aziache zilipo.

Usiku wa pili mama wa Kanga aliketi kitandani, akauliza, “Haya, niambie ulichoona.” Mazungumzo yalichukua muda. Taa ilizimwa baadaye, na aliyeizima ni mtoto mwenyewe.