Daraja Pekee Halitoshi

Mfanyabiashara anayenunua mchele wa jumla Kariakoo haridhiki na maandishi yaliyo juu ya gunia. Hulidunga kwa bambo, akazitazama punje kiganjani, ndipo akataja bei. Katika uvimbe wa ubongo, daktari wa upasuaji naye huchukua kinyama, kikapelekwa maabara ya patholojia. Swali ninalotaka tulijadili ni hili: kinyama hicho tunakiuliza nini? Maoni yangu ni kwamba tukikiuliza daraja tu, tunapata nusu ya jibu, na anayeumia kwa kukosekana nusu ya pili ni mgonjwa.

Tuanze na daraja lenyewe, ambalo wagonjwa wengi hulichanganya na hatua. Hatua hueleza saratani imesambaa kiasi gani mwilini. Daraja hueleza tabia ya seli: zimeachana vipi na seli za kawaida na zinagawanyika kwa kasi gani. Uvimbe unaoanzia ubongoni ni nadra kusambaa nje ya mfumo wa fahamu, hivyo kwa kawaida hupewa daraja. Shirika la Afya Duniani (WHO) linatambua madaraja manne. Meninjioma, inayoota kwenye utando unaofunika ubongo, mara nyingi ni ya daraja la 1, na ikiondolewa yote mgonjwa huweza kupona. Glioblastoma ni ya daraja la 4. Hupenya ndani ya ubongo kiasi kwamba upasuaji peke yake hauwezi kuimaliza.

Kwa muda mrefu daraja lilipatikana kwa darubini pekee. Mwaka 2008 watafiti waligundua kwamba baadhi ya glioma, yaani uvimbe wa jamii ya seli zinazosaidia neva za ubongo, zina mabadiliko katika jeni iitwayo IDH1. Mwaka 2016 WHO iliingiza jeni katika uainishaji wake, na toleo la mwaka 2021 likaenda mbali zaidi: uvimbe unaoonekana mpole chini ya darubini unaweza kupandishwa hadi daraja la 4 kwa sababu ya jeni zake.

Tofauti hizi si za vitabuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusu wagonjwa wa glioma za daraja la 3. Miongoni mwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa umepoteza vipande vya kromosomu 1 na 19, nusu ya waliopewa mionzi pamoja na dawa waliishi zaidi ya miaka 14. Kwa waliopewa mionzi pekee, nusu walivuka miaka 7 tu. Kwa glioblastoma, utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kuongeza temozolomaidi kwenye mionzi kulisogeza kipimo hicho kutoka takribani miezi 12 hadi 15. Daraja la 3 na la 4 ni majirani kwa namba, lakini huyu tunamzungumzia kwa miaka na yule kwa miezi. Familia inayofikiria kuuza kibanda au kiwanja ili kugharimia matibabu inastahili kujua iko upande gani.

Neno jeni huleta hofu majumbani: je, watoto nao wataupata? Kwa wagonjwa walio wengi, mabadiliko haya yametokea ndani ya seli za uvimbe tu. Hayakurithiwa wala hayarithishwi. Hakuna sababu ya ndugu kunyoosheana vidole.

Baadhi ya wanataaluma wenzangu husema mashine za kusoma jeni ni ghali. Ni kweli, lakini si lazima tuanzie huko. Upo upakaji rangi kwa kingamwili unaotambua IDH1 iliyobadilika. Kipimo hiki hunasa takribani asilimia 90 ya mabadiliko ya IDH katika glioma, na husomwa kwa darubini ile ile. Kipimo cha pili, cha protini ya ATRX, husaidia kutenganisha astrositoma na oligodendroglioma. Tena, kwa mgonjwa aliyefikisha miaka 55, ambaye uvimbe wake una sura kamili ya glioblastoma, hauko katikati ya ubongo, na hakuwahi kuwa na glioma ya daraja la chini, jibu hasi la kipimo cha kwanza latosha. Wachache ndio watakaobaki wakihitaji vipimo vikubwa.

Kwa mkazi wa Kariakoo, umbali si kikwazo kikubwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), wanakofanya upasuaji wa ubongo, iko Upanga. Taasisi ya Saratani Ocean Road, wanakotoa mionzi, iko ufukweni. Yote ni mwendo wa kilomita chache. Kilicho rahisi kupotea njiani ni taarifa.

Kwa hiyo, mhudumu wa kliniki au duka la dawa: mtu mzima anayepata degedege kwa mara ya kwanza, anayeumwa kichwa kinachozidi na kutapika asubuhi, au aliyelegea upande mmoja, asirudishwe nyumbani na dawa ya maumivu. Apewe rufaa. Walio chumba cha upasuaji: kinyama kiwekwe mara moja katika fomalini, angalau mara kumi ya ujazo wake, kwa maana kikioza hakuna kipimo kitakachokiokoa. Mgonjwa na ndugu: ombeni nakala ya ripoti, ulizeni kama kipimo cha IDH kimefanyika, na mjue kipande kilichohifadhiwa katika nta kiko maabara gani, maana kinaweza kupimwa hata baadaye.

Nao wapangaji wa Bima ya Afya kwa Wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, waviweke vipimo hivi viwili waziwazi katika kitita cha mgonjwa wa glioma. Haifai kulipia upasuaji wa fuvu na wiki za mionzi, kisha tukasita kulipia jibu linaloelekeza matibabu yote hayo.