Maziwa ya kopo: Mkristo anunue ya nani?



Jumapili mbili zilizopita, baada ya ibada ya kwanza, kijana mmoja alinisubiri nje ya ofisi ya usharika. Mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na kopo tupu la maziwa ya unga ya mtoto.

"Shikamoo Mchungaji."

"Marahaba mwanangu. Mama na mtoto hawajambo?"

Mtoto hajambo, akasema, ana wiki tano sasa. Mama ndiye mgonjwa. Ameanza matibabu ya saratani na daktari amemwambia asinyonyeshe. Kwa hiyo kopo lile ndilo tegemeo la nyumba. Lakini mdogo wake aliyeko chuoni alikuwa amemtumia habari kwenye simu kuhusu kampuni inayotengeneza maziwa hayo, na jinsi makanisa ya Ulaya na Marekani yalivyowahi kuisusia. "Sasa Mchungaji, nisiponunua hili, ninunue la nani? Na nikilinunua, nashiriki dhambi yao?"

Siku ile nilimjibu kwa kifupi, kwa kuwa watu wa ibada ya pili walikuwa wameanza kuingia. Leo nataka kumjibu kwa kirefu, maana najua si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Kesi ya masista

Maziwa ya kopo hayakuanza kwa nia mbaya. Henri Nestlé, mfamasia wa mji wa Vevey nchini Uswisi, alianza kuuza chakula chake cha watoto mwaka 1867 kwa ajili ya watoto ambao mama zao hawakuweza kunyonyesha. Watoto wa namna hiyo walikuwepo, na wapo hadi leo. Yupo yatima aliyeachwa na bibi, na yupo huyu wa usharikani kwetu. Kwao kopo ni riziki.

Tatizo lilikuja pale biashara ilipotaka pia watoto ambao mama zao wana maziwa. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyekuwa amefanya kazi Ghana ya leo na kuueleza ugonjwa wa kwashakoo, alitoa hotuba huko Singapore na kuipa jina la "Maziwa na Mauaji". Alikuwa amechoka kuona watoto wakifa baada ya mama zao kushawishiwa kuacha kunyonyesha. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilitoa kijitabu cha mwandishi Mike Muller kilichoeleza jambo hilohilo katika nchi zetu maskini.

Namna lilivyofanyika si vigumu kuielewa. Kampuni ziliajiri wanawake, zikawavalisha sare kama za wauguzi, wakaingia wodini na majumbani kuzungumza na wazazi. Mama alipewa kopo la bure. Mtoto asiponyonya, titi hupunguza maziwa. Hivyo kopo la bure lilipokwisha, maziwa ya mama nayo yalikuwa yamepungua au kukauka. Sasa ilimbidi anunue. Kwa kuwa kopo ni ghali, kijiko kilichotakiwa kwa mlo mmoja kikafanywa cha milo miwili. Maji yenyewe yalitoka mtoni au kisimani, na chupa haikuchemshwa. Mtoto akaharisha, akadhoofu, akafa, na jirani wakasema ni mapenzi ya Mungu.

Kikundi kimoja cha Uswisi kilitafsiri kijitabu kile kwa Kijerumani na kukipa jina linalosema kwamba Nestlé inaua watoto. Kampuni ikaenda mahakamani Bern. Mwaka 1976 ilishinda kesi ya kashfa, na washtakiwa wakatozwa faini ya faranga 300 kila mmoja. Lakini jaji aliiambia kampuni iliyoshinda kwamba iangalie upya kabisa namna inavyotangaza bidhaa zake.

Mwaka huohuo wa 1976, huko Marekani, Masista wa Damu Takatifu wa Dayton, Ohio, waliishtaki kampuni ya Bristol-Myers, mtengenezaji mwingine wa maziwa ya watoto. Shirika lao lilikuwa na hisa katika kampuni hiyo. Walisema wanahisa hawakuambiwa ukweli kuhusu namna maziwa yale yanavyouzwa kwa maskini. Mahakama ya kwanza iliitupa kesi yao, ikisema masista wenyewe hawakuwa wamedhurika. Wakakata rufaa. Mwanzoni mwa 1978 kampuni ilikubali kumalizana nao nje ya mahakama na kubadili baadhi ya mambo waliyoyalalamikia. Ukisoma Luka 18 habari ya yule mjane aliyemsumbua kadhi mpaka akapewa haki yake, utawakumbuka masista hawa. Tofauti ni kwamba wao waliwasumbua wenye nguvu kwa ajili ya watoto wasiowajua, walio mbali nao.

Mwaka 1977 watu wa Minneapolis walianzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé, na makanisa mengi yakaunga mkono. Tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni ya Kimataifa kuhusu uuzaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga upande wowote, na 1 tu ilikataa, nayo ni Marekani. Mgomo ukasitishwa mwaka 1984 kampuni ilipoahidi kuifuata Kanuni, ukaanza tena mwaka 1988 kwa madai kwamba ahadi haikutimizwa. Mwaka 1991 Sinodi ya Kanisa la Anglikana la Uingereza nayo iliwaomba waumini wake waache kununua kahawa ya Nescafé.

Kwa hiyo mdogo wake kijana wetu hakumdanganya.

Je, ipo kampuni safi?

Watu wengi hudhani Kanuni ya 1981 inakataza maziwa ya kopo. Hapana. Inaruhusu yauzwe. Inachokataza ni kuyatangaza kwa umma, kuwapa mama sampuli za bure, kuwapa wahudumu wa afya zawadi ili wayapigie debe, na kuweka picha ya mtoto mnono kwenye kopo ili mama aone aibu ya titi lake mwenyewe. Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1994 na kuzitengeneza upya mwaka 2013. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2012.

Sasa, ni kampuni gani inaitii Kanuni hiyo yote? Wakfu mmoja wa Uholanzi unaopima kampuni za vyakula ulizipanga kampuni kubwa za maziwa ya watoto mwaka 2021. Danone ya Ufaransa iliongoza, Nestlé ikafuata. Hakuna hata moja iliyopatikana kuwa imeizingatia Kanuni kikamilifu. Ndiyo kusema tunaweza kutofautisha mwenye makosa mengi na mwenye makosa machache, lakini rafu ya duka haina kopo la mwenye haki.

Mwezi Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi lilieleza kwamba nafaka ya watoto ya Cerelac yenye ladha ya biskuti, ya watoto wa kuanzia miezi 6, ilikuwa na gramu 6 za sukari ya kuongezwa katika kila mlo nchini Senegal na Afrika Kusini. Ya aina hiyo iliyouzwa Uswisi haikuwa na sukari hiyo kabisa. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi na kwamba imekuwa ikipunguza sukari. Inawezekana yote ni kweli. Lakini Amosi, alipowakemea wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuwauzia maskini takataka za ngano, hakuuliza kama sheria ya Samaria iliruhusu. Alitazama ni nani anauziwa nini.

Wala tusidhani ni dhambi ya Wazungu peke yao. Mwaka 2008 nchini China, maziwa ya watoto ya kampuni ya Sanlu na nyingine za hukohuko yalikutwa na melamini, kemikali iliyowekwa ili maziwa yaliyochanganywa na maji yaonekane mazito kwa protini. Watoto 6 walikufa na karibu 300,000 waliugua.

Paulo na sokoni

Nirudi kwa swali la kijana. Wakorintho walimuuliza Paulo swali linalofanana na lake. Nyama ya sokoni huenda imetolewa sadaka kwa sanamu; je, Mkristo ainunue? Katika sura ya 10 ya barua yake ya kwanza Paulo anawaruhusu kula kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri, maana dunia ni mali ya Bwana. Wengi huishia hapo. Lakini mstari mmoja kabla ya hapo ameshasema mtu asitafute faida yake mwenyewe, bali ya mwenzake.

Maneno hayo mawili yanakwenda pamoja. La kwanza ni lako, mwanangu. Mtoto wako anahitaji kula leo, mama yake ni mgonjwa, nawe huna kosa. Nunua kwa dhamiri iliyotulia. Mtu yeyote usharikani atakayekutazama vibaya kwa sababu ya kopo hilo, mlete kwangu. Na usidhani la ghali ndilo la upendo zaidi. Maziwa ya watoto wachanga yana viwango vya kimataifa vya Codex kuhusu virutubisho vya lazima. Maneno ya kopo kuhusu akili nyingi na usingizi mzito ni maneno ya muuzaji. Mwaka 2023 jarida la kitabibu la Lancet lilionyesha jinsi kampuni zinavyogeuza kilio cha kawaida cha mtoto kuwa ugonjwa unaotibiwa na kopo jipya. Nunua lenye kibali nchini, la umri wa mtoto wako, ambalo muda wake haujapita. Utakachobakiza tumia kwa mafuta ya taa au mkaa, kwa sababu maji lazima yachemke, na unga uchanganywe maji yakiwa bado na joto lisilopungua nyuzi 70, kisha yapozwe ndipo mtoto apewe. Tumia kikombe kidogo badala ya chupa, ni rahisi kukisafisha. Kipimo cha kijiko usikipunguze hata siku moja. Pesa ikipungua, njoo ofisini kabla hujapunguza kijiko.

Neno la pili la Paulo ni letu sisi sote. Tukisoma historia hii tutaona kwamba kampuni hazikubadilika kwa sababu mama mmoja alichagua kopo jingine dukani. Zilibadilika pale watu wasio na mtoto mchanga, kama masista wale, walipouliza bila kuchoka. Muuguzi Mkristo anayepewa kalamu, kalenda au semina na wakala wa kampuni anaweza kukataa, na anaweza kutoa taarifa. Kamati ya wanawake inayotafuta mfadhili wa siku ya familia inaweza kumkataa mfadhili anayetaka kugawa sampuli. Mwanahisa anaweza kuuliza swali kwenye mkutano mkuu.

Lakini hapa nina neno gumu kwetu viongozi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inamtaka pia mwajiri amruhusu mama anyonyeshe wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Wataalamu wa afya wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi 6. Siku 84 hazifiki hata miezi 3. Hizo saa mbili ndizo daraja la kuvukia miezi inayobaki. Sasa tujiulize: shule zetu za kanisa, hospitali zetu, ofisi zetu za dayosisi, zinawapa walimu, wauguzi na makarani saa hizo? Au mwalimu wa chekechea yetu anakamua maziwa chooni, na akichoka ananunua kopo?

Katika Kutoka sura ya 2, binti Farao alimwambia Yokebedi amnyonyeshe mtoto naye atampa ujira wake. Nyumba ya Farao, iliyokuwa imeamuru watoto watupwe mtoni, ililipa mshahara kwa kazi ya kunyonyesha. Itakuwa aibu kama kanisa litashindwa na nyumba ya Farao.

Kijana yule nilimwona tena juzi. Mtoto ameongezeka uzito na mama anaendelea na dawa. Kopo alilonunua ni lilelile, kwa sababu ndilo alilolizoea mtoto. Jioni hiyohiyo niliweka ajenda moja kwenye kikao cha baraza la wazee: chumba kidogo chenye kiti na pazia pale shule yetu ya awali, na saa mbili kwa kila mama anayenyonyesha. Mzee mmoja ameshauliza nani atafundisha darasa saa hizo. Ni swali halali, na tutalijibu kwenye kikao cha Jumamosi.

Mwombeeni mama yule. Jumapili njema.