Matunda ya Utafiti Yarudi Vijijini

Kituo cha utafiti cha Korogwe, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyoijaribu, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, chanjo ya malaria ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2021. Wananchi waliotoa watoto wao kwa ajili ya majaribio hayo waliusaidia ulimwengu mzima. Ni haki yao nao wafaidi elimu inayotokana na utafiti wa damu.

Selimundu, ambayo wengi huiita siko seli, ni ugonjwa wa damu ulioandamana na malaria tangu kale. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alionyesha kwa uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki kwamba mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Lakini anayekirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Chembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa na kufa upesi. Wazazi wote wawili wakiwa na kinasaba hicho, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto mgonjwa.

Elimu hii ya urithi imezaa tiba kubwa. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba, ambayo bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hapa nchini, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka huo huo kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Hatua hiyo ni ya kujivunia. Hata hivyo, Tanzania hukadiriwa kupata watoto wenye ugonjwa huu wapatao 11,000 kila mwaka. Hao hawawezi kufika Dodoma wote, sembuse London.

Wengi wao wanaweza kuokolewa kwa njia nyepesi zaidi: tone la damu lipimwe mtoto azaliwapo, apewe penisilini, chanjo na kinga ya malaria, kisha haidroksiyurea. Majaribio yaliyofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018, yalionyesha kuwa dawa hiyo hupunguza maumivu, malaria na vifo vya watoto.

Kwa hiyo, watumishi wanaopanga bajeti za Handeni na Korogwe wanao wajibu wa kuhakikisha kwamba kipimo na dawa hizo vinafika hadi zahanati za vijijini. Walimu nao wanao wajibu wao. Mwanafunzi anayekosa masomo kila mara kwa maumivu ya viungo asichapwe kwa uvivu, wala wazazi wake wasiachwe wakimtafuta mchawi. Apelekwe akapimwe.