Tuliosha Gari, Hatukulikagua

Mhariri aliniomba niandike juu ya safari yetu ya mwaka jana ya kwenda Voi kwenye kongamano la Kiswahili. Nimekataa kuandika insha ya "safari niliyoifurahia" kwa sababu moja tu: hatukufika. Badala yake naomba kutoa maoni yangu juu ya gari lililotupakia, maana nasikia safari ya muhula ujao ni lilo hilo tena, na fomu za wazazi zimekwisha kupigwa chapa.

Gari lenyewe mwalijua. Ni Land Rover ya zamani, ile ndefu ya kijani yenye viti vya ubavuni. Mwenyewe ni mtu karimu, hakututoza hata shilingi moja ya mafuta. Simtaji jina wala sina nia ya kumvunjia heshima. Lakini ukarimu haujazi oili.

Asubuhi ya safari gari liling'aa kama sufuria ya harusi. Limeoshwa, limepakwa nta, na ndani limefukizwa udi, wallahi si uongo. Tuliomba dua, Wakristo kwa Waislamu, tukaanza kupanda. Mjomba wangu ni fundi wa magari hapa Malindi, naye ndiye aliyenileta siku hiyo. Alilizunguka gari mara moja, akainama, akauliza difu zilitiwa oili lini. Jibu alilopewa ni hili: "Gari hili limekwenda Marsabit na kurudi, fundi." Nami nikajitia kuuliza kama spea ina upepo. Nikaambiwa, "Panda gari, mtoto. Haya si mambo ya shule." Nikapanda.

Kwenda Voi kwa njia ya Mombasa ni lami mwanzo hadi mwisho. Sisi tulikata shauri tupite njia ya Lango la Sala na kukatiza mbuga ya Tsavo Mashariki, ati tuone ndovu bure huku tukienda kwenye Kiswahili. Kutoka Malindi hadi Sala ni kama kilomita 110, na unapopita Kakoneni nyumba zinapungua, vumbi linazidi. Mto Galana unakuwa upande wako wa kulia, na huo ndio Sabaki wetu. Huku chini karibu na bahari umebadilishwa jina tu.

Hatukuuona hata huo ukuta wa Sala. Tairi la nyuma la kushoto lilipasuka tungali mbali na lango. Si kitu, pancha ni pancha. Lakini tazama mambo yalivyofuatana. Nati moja ilikuwa imeshikwa na kutu hata watu watatu wakaning'inia kwenye spana bila kuitikisa. Ilipolegea, jeki ikazama mchangani, kwa kuwa hakukuwa na kipande cha ubao cha kuiwekea chini. Tukatafuta jiwe bapa, likavunjika. Spea ilipofungwa hatimaye, ikaenda mwendo mfupi tu, ikararuka ubavuni kama mkate wa mofa. Na ilikuwa na meno marefu ajabu! Mtu angeapa ni mpya.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo naona kila mtu mwenye gari anapaswa kulijua. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne zilizozungushiwa mstari. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Spea yetu iliandikwa 1904, yaani wiki ya 19 ya mwaka 2004. Tairi lilikuwa limenipita umri, ningelipa shikamoo. Meno hayakuisha kwa sababu halikuwahi kutembea. Lilikaa nyuma ya gari likipigwa na jua la Malindi miaka yote hiyo mpaka mpira ukakauka na kufanya nyufa.

Tukakaa chini ya mti mmoja wa miiba tangu kabla ya saa sita mpaka karibu na magharibi. Maji ya kunywa yalikuwa madumu mawili, na moja tulikuwa tumekwisha kulimimina kwenye rejeta iliyokuwa ikivuja tangu Kakoneni bila ya mtu kusema. Msichana wa kidato cha kwanza alilia kimyakimya. Lori la ng'ombe ndilo lililotuokoa, tukarudi Malindi tunanuka zizi. Rafiki yangu alikuwa ametunga shairi la beti 24 kwa ajili ya kongamano, alilihifadhi lote kwa moyo kwa miezi miwili. Mpaka leo hajalisoma mbele ya mtu, na akiambiwa alisome hapa shuleni anakataa.

Tena tulipata nafuu, tuseme kweli. Je, ingekuwa ndani ya mbuga? Tsavo Mashariki ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na sheria ya Shirika la Wanyamapori (KWS) hairuhusu mtu kushuka garini ila mahali palipotengwa. Utafungaje tairi bila kushuka? Na ukishuka, utalala chini ya gari kuweka jeki huku simba akikutazama miguu? Nimesoma kwamba mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na gari la kwanza la Land Rover lilionyeshwa watu mwaka huohuo. Basi ni marika hao. Lakini mbuga haihitaji kukazwa nati.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Mjomba alinieleza siri ya magari haya. Baada ya Vita Vikuu vya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hivyo mwili wa Land Rover ukatengenezwa kwa aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Lakini chesisi, ule mgongo wa chini unaobeba kila kitu, ni chuma. Sisi twakaa pwani. Upepo wetu una chumvi. Nenda Gongoni na Marereni uone inavyovunwa kwa malori. Kwa hivyo gari la namna hii laweza kung'aa juu kama lilivyotoka kiwandani, na huku chini mgongo unaliwa polepole. Kuliosha na kulipaka nta ni kukagua upande usiougua. Mjomba hutumia nyundo ndogo. Hulala chini akagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia nga, kilichooza hulia bu, kama papai lililoiva mno. Pale penye bu huchokoa kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, safari hakuna.

Jambo jingine ni oili. Kila mtu hufungua boneti, akachomoa kile kijiti, akakipangusa kwa kitambaa na kujiona fundi. Hiyo ni ya injini tu! Gari hili lina mahali saba pa oili: injini, giaboksi, lile boksi dogo linalogawa nguvu mbele na nyuma, difu mbili, na vifundo viwili vya magurudumu ya mbele. Zile sita hazina kijiti, ndiyo maana husahaulika. Na ile nguvu ya magurudumu manne tunayojivunia huingizwa kwa mkono mwekundu na kitufe cha njano. Visipoguswa miaka miwili vinaweza kuganda, nawe utajua hivyo ukiwa tayari umezama. Hujaribiwa mapema, penye mchanga wa shamba, si juu ya lami.

Tena kuna jaribio ninalolipenda kwa kuwa halihitaji chombo chochote. Endesha gari nusu saa likiwa na mzigo, simama, kisha pitisha kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kama moja lina joto kuliko wenzake, beringi au breki yake inalalamika. Hata mimi naweza kulifanya. Hata wewe.

Wako wanaosema dawa ni kuacha kabisa magari kuukuu, tukodi basi jipya. Mwalimu mmoja aliniambia hivyo, nami kwa heshima zote sikubaliani naye. Kwanza, pesa za basi tutazitoa wapi sisi chama cha Kiswahili, ambao hata jarida hili tumelichangisha? Pili, gari jipya likikataa njiani Kakoneni, fundi wa kijijini hana kompyuta ya kuliuliza linaumwa nini. Hili la zamani hutengenezwa kwa spana, waya na subira. Uzee wa gari si kosa lake. Mimi babu yangu ni mzee na namwamini kuliko ndugu zangu, lakini kabla ya kumpeleka safari twamuuliza kama amemeza dawa zake.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, halikuwa tairi. Ni lile neno "panda gari, mtoto". Tumelelewa kwamba kumuuliza mkubwa kama amekagua gari ni utovu wa adabu, kama kwamba unamwambia ni mwongo. Nami sipendi utovu wa adabu. Lakini matatu na malori hupelekwa kukaguliwa kila mwaka kwa sheria, na hakuna dereva anayeona ametukanwa. Mbona gari linalobeba wanafunzi tisa na mwalimu wao lipite kwa udi na dua peke yake? Dua tuombe, lakini tuiombe tukiwa na ubao wa jeki.

Ombi langu kwa mlezi wa chama ni dogo. Ukaguzi ufanywe wiki nzima kabla ya safari, si asubuhi ya safari, ili kikionekana kibovu pawe na siku za kukitafuta dukani. Fundi aambiwe aseme kweli, hata ikiwa kweli hiyo ni "msiende". Wanafunzi wawili wawepo, washike taa na wasome tarakimu za matairi yote matano. Na kwenye fomu ya mzazi uongezwe mstari mmoja, chini ya jina la dereva, wa sahihi ya fundi.

Mjomba amekubali kuja Jumamosi saa mbili asubuhi, bila malipo, na nyundo yake. Mwenye gari bado hajajibu. Fomu yangu mama ameikunja akaiweka chini ya redio, anasema hatii mkono wake mpaka auone wa fundi.